Mninga wa Buha

Mninga hustawi katika miombo ya Kasulu na Kibondo huko Buha, magharibi mwa Tanzania, hasa kwenye pori linaloteremka mashariki kuelekea Mto Moyowosi. Ukikatwa gome hutoa utomvu mwekundu kama damu. Kiini chake ni cha kahawia chenye mistari myekundu, na kikikauka hakisinyai wala kupinda sana. Ndiyo maana maseremala wa Tanzania wameuweka mbele ya miti mingine kwa milango, makabati na vitanda. Ubora huo una gharama. Mche wa mninga huungua na kufa sehemu iliyo juu ya ardhi kila kiangazi kwa miaka mingi, mpaka mzizi upate nguvu ya kusukuma shina linalostahimili moto. Gogo la kupasuliwa mbao ni la mti uliozaliwa kabla ya babu wa anayelipasua.

Kwa muda mrefu msitu huo ulikingwa na umbali. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini nyanda za juu zilibaki mbali nayo, na wakoloni waliihesabu Buha kuwa hazina ya vibarua: waliosafirishwa walikuwa vijana waliokwenda kukata mkonge, si magogo. Katika miaka ya 1930 serikali ya Waingereza iliwakusanya watu wengi wa Kibondo katika makazi maalumu ili kuwaepusha na malale, na mashamba waliyoyaacha yakageuka pori. Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 iliwahamisha tena watu, safari hii kwenye vijiji vya kando ya barabara. Historia ya mninga wa hapa, kwa hiyo, haitenganishwi na maamuzi ya wapi binadamu aishi.

Kuanzia mwaka 1993 wakimbizi wa Burundi waliingia kwa wingi, na mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa Kasulu kwa ajili ya Wakongo. Kuni na fito zilikatwa pande zote za kambi. Hata hivyo si haki kuwabebesha wakimbizi mzigo wote, kwa maana anayetafuta kuni za kupikia hahitaji gogo la mninga. Magogo makubwa yalifuatwa na wafanyabiashara. Misumeno ya mikono, yenye mpasuaji mmoja juu na mwenzake chini, ikapishana na misumeno ya mashine. Baadaye soko la Asia likauandama mkurungu, ndugu wa mninga. Mkataba wa CITES uliuweka mkurungu chini ya udhibiti wa biashara ya kimataifa mwaka 2019, na mwaka 2022 ukaongeza jamii zote za mninga za Afrika.

Uhaba uliotokana na ukataji huo unaipa thamani kazi ya kuirudishia mbao ya zamani sura yake. Vanishi iliyopauka hukwanguliwa kwa kipande cha kioo, kisha msasa hupitishwa kwa kufuata nyuzi, kuanzia namba 120 hadi 400. Fundi hufunga pua kwa kitambaa, kwani vumbi la mninga huchokoza kifua. Vanishi iliyozimuliwa kwa tina hupigwa mara kadhaa, kila tabaka likisuguliwa kidogo kabla ya linalofuata, hadi mistari iibuke upya.

Kwenye mapambo ya mbao ya gari la zamani kazi hiyo inataka tahadhari zaidi. Dashibodi za Jaguar na Rolls-Royce zilipambwa kwa ganda la mti wa jozi lisilofika unene wa milimita moja, na mkono mzito wa msasa hulitoboa. Magari mengi ya Kijapani yaliyoletwa Tanzania yakiwa yametumika yana plastiki iliyochapwa picha ya mbao. Hiyo haikwanguliwi: mchoro ukichubuka, hubandikwa karatasi mpya au kipande huondolewa, na fundi mwenye masalio ya mninga aweza kuchonga kingine cha mbao halisi kwa kufuata kile cha zamani kama kielelezo.