Neno «perfidus» na sala ya Ijumaa Kuu

Katika sarufi tunasoma perfidus, perfida, perfidum. Linageuka kama bonus, wala halina shida. Shida ni maana yake. Fides kwa Kilatini ni imani, tena ni uaminifu: neno moja kwa mambo mawili. Na per- hapa si kupitia tu, bali kupita pembeni, kupotoka, kama katika perjurus, mtu aliyevunja kiapo. Basi perfidus ni nani: mtu asiyeamini, ao mtu asiyeaminika?

Kwa wapagani wa Roma jibu lilikuwa wazi. Katika kitabu cha Vergilius, malkia Dido anamwita Aeneas perfide (ndiyo vokativo), kwa kuwa anajitayarisha kumwacha kwa siri: huyo ni msaliti. Lakini Mababa wa Eklezia, kama Mtakatifu Ambrosio alipobishana na wafuasi wa Ario, walisema perfidia juu ya watu wasio na imani ya kweli. Ni kwa maana hiyo, wataalamu wengi wanaeleza, tulikuwa na ablativo perfidis, nyuma ya pro, katika sala ya kuwaombea Wayuda siku ya Ijumaa Kuu.

Tungependa kupokea maelezo hayo bila neno. Lakini watu hawakusikia hivyo. Misali za Kifaransa ziliandika «perfides», na kwa Kifaransa huyo ni msaliti tu. Tena, toka karne ya 9 hivi, sala hiyo peke yake ilisomwa bila kupiga magoti. Sikio lingeelewa nini?

Mwaka 1928 chama cha Amici Israel kiliomba neno liondolewe. Ofisi Takatifu ilikataa, ikakivunja chama, ijapo katika hati ile ile ilihukumu chuki juu ya Wayuda. Kisha vita vikaja, na Wayuda milioni 6 hivi wakauawa katika Ulaya. Mwaka 1948 Roma iliruhusu kutafsiri «wasioamini». Dawa hafifu, kadiri yetu, maana Kilatini kilibaki vilevile. Toka mwaka 1956 wakristu walipiga magoti katika sala hiyo pia. Na mwaka 1959 Papa Yoane XXIII aliondoa perfidis, pamoja na perfidiam katika oratio inayofuata. Ikabaki pro Judaeis, jina bila neno la sifa. Maneno mengine magumu yalikuwamo bado. Sala nzima iliandikwa upya katika Misali ya mwaka 1970.