Uteule, Kadari na Hiari

Mkristo akitaka kulieleza kwa Kiswahili fundisho ambalo wanateolojia wa Magharibi waliliita kwa Kilatini praedestinatio, atakuta maneno mengi yanamsubiri: kuchaguliwa tangu awali, uteule, kuamuliwa kabla, majaliwa, hata kadari. Wengi huyatumia kana kwamba ni mamoja. Si mamoja, na anayeyachanganya huishia kumsingizia Mungu mambo ambayo Biblia haikumhusisha nayo.

Kitenzi cha Kigiriki kilicho nyuma ya istilahi hii ni proorizo. Ndani yake limo neno horos, yaani mpaka, hivyo maana ya asili ni kuweka mpaka mapema, kuazimia jambo kabla ya wakati wake. Katika Agano Jipya lote kinatokea mara 6 tu: mara 2 katika Warumi 8, mara 2 katika Waefeso 1, mara 1 katika 1 Wakorintho 2 na mara 1 katika Matendo 4. Watafsiri wa Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 hawakushikilia neno moja. Katika Warumi na Waefeso walitumia kuchagua, mara nyingi wakiongeza kwamba uchaguzi huo ni wa tangu asili au tangu awali. Katika Wakorintho walitumia kuazimu, na katika Matendo wakasema kukusudia.

Mtu aliye makini na tafsiri anaweza kulalamika, na ana hoja. Kigiriki kina kitenzi kingine cha kuchagua, eklegomai, nacho kimo katika Waefeso 1:4, mstari mmoja kabla ya proorizo. Msomaji wa Kiswahili hawezi kuona kwamba mtume amebadili kitenzi. Hata hivyo mimi nawaunga mkono watafsiri hao, kwa sababu kuchagua ni kitenzi kinachodai watu. Paulo katika Warumi na Waefeso hasemi juu ya matukio ya kila siku. Anasema juu ya watu, na kile walichoazimiwa ni kufanywa wana wa Mungu na kufanana na Kristo. Saa ya mtu kufa haimo. Hata Matendo 4, inayotaja tukio, inataja msalaba.

Kadari ni jambo jingine. Ni istilahi ya Kiislamu, na kuiamini ni nguzo ya 6 ya imani, tena haina ule wepesi ambao Wakristo huibandika. Waislamu nao walibishana juu yake kwa karne nyingi, Wakadaria wakitetea uwezo wa mtu kutenda, Wajabaria wakisema mtu hana la kuchagua. Lakini kadari, kwa vyovyote utakavyoieleza, hukusanya kila tukio, heri na shari. Neno ajali lilianzia jirani na hapo. Kabla ya kuwa jina la magari kugongana, lilikuwa muda wa kufa aliowekewa mtu, na methali isemayo ajali haina kinga bado imebeba maana hiyo. Ndiyo maana basi likipinduka, Wakristo nasi tunasema mazikoni kwamba siku yao ilikuwa imefika, Mungu alishapanga. Kisha mwalimu wa kipaimara hulieleza fundisho la wokovu kwa maneno yale yale ya mazikoni. Kwa utunzaji wa Mungu juu ya ulimwengu mzima tunalo neno zuri, maongozi, ambalo Wakatoliki wamelizoea. Maongozi ya Mungu si uteule, na dereva aliyelewa hakuteuliwa na Mungu kuua abiria.

Upande wa mwanadamu, Kiswahili kimetupa maneno mawili yenye thamani kubwa. Hiari ni kutenda bila kulazimishwa. Utashi, unaotokana na kutaka, ni ule uwezo wa ndani ambao kutaka kwenyewe hutoka humo. Anayeyatenganisha haya mawili ataelewa mgogoro wa miaka 1,600. Pelagius, mtawa aliyetoka Britania, alifundisha kwamba mtu akiamua anaweza kutimiza amri za Mungu. Augustino, askofu wa Hippo katika nchi ambayo leo ni Algeria, aliyapinga mafundisho hayo mpaka kifo chake mwaka 430. Hakusema kwamba mwenye dhambi anasukumwa kwa nguvu. Alisema anatenda kwa hiari kabisa, ila utashi wake ni mgonjwa, unapenda visivyopendeka, wala hauponi bila neema. Mlevi hushika chupa kwa hiari yake. Kilichofungwa ni utashi. Luther, akimjibu Erasmus, msomi aliyetetea uhuru wa utashi, mwaka 1525, alikaza zaidi: katika mambo ya wokovu utashi ni mtumwa. Sisi tunasema hiari yashinda utumwa. Luther angejibu kwamba vyote viwili hukaa ndani ya mtu mmoja, na kwamba mtumwa huyo huipenda minyororo yake.

Basi haki iko wapi? Ikiwa Mungu amewachagua wengine, wasiochaguliwa wamekosa nini kuliko wenzao? Neno letu haki lina maana mbili zinazogongana hapa: stahili ya mdai, na uadilifu wa hakimu. Augustino alijibu kwa maana ya kwanza. Wote ni wadeni, alisema, na mdai akimsamehe mmoja hajamdhulumu wa pili. Kisheria hoja hiyo haina ufa. Calvin aliisogeza mbele, akafundisha waziwazi kwamba Mungu amewaazimia wengine uzima na wengine maangamizi. Wafuasi wa Arminius, mwanateolojia Mholanzi, walipolipinga fundisho hilo kwa maandishi mwaka 1610, sinodi ya Dordrecht ya mwaka 1618 hadi 1619 iliwakataa. Urithi wa Calvin ulifika Kenya kupitia Wapresbiteri wa Scotland.

John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, alilishika swali kutoka upande wa hakimu. Katika hubiri lake la mwaka 1739 huko Bristol alishikilia kwamba fundisho la Calvin linamfanya Mungu awaalike watu wote huku baadhi yao amekwisha kuwafungia mlango, na mwenye kufanya hivyo hawezi kuitwa mkweli wala mwadilifu. Wamethodisti waliofungua misheni Ribe, karibu na Mombasa, katika miaka ya 1860, walikuja na imani hiyo. Mimi niko pamoja nao. Hoja ya deni inamtetea mdai asiyewajali wadeni wake. Haimtoshi Mungu ambaye, kwa 1 Timotheo 2:4, anataka watu wote waokolewe.

Tena makanisa hayako mbali hivyo kama tunavyodhani. Mtaguso wa Orange wa mwaka 529, uliomfuata Augustino juu ya neema, ulilaani wazo kwamba kuna waliopangiwa uovu na Mungu. Tamko la pamoja la Walutheri la mwaka 1577 linasema uteule unawahusu wanaookolewa tu, wala hakuna azimio la Mungu lililo sababu ya kupotea kwa mtu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha kwamba hakuna aliyepangiwa motoni. Hata Ungamo la Westminster la mwaka 1646, lililo kali kuliko hayo yote, linakana kwamba Mungu ni mwanzilishi wa dhambi.

Nawaomba wachungaji, makatekista na waandishi wa vitabu vya mafundisho: mnapofika Warumi 8, andikeni uteule wa tangu awali. Mnapozungumzia mvua, ugonjwa na kifo, andikeni maongozi. Kadari waachieni Waislamu, wenye elimu yake. Na msimfundishe mtoto yeyote kwamba Mungu ndiye aliyempangia mtu dhambi yake.