Tarikhi ya Mwanagenzi katika Ligi za Kadi na Dadu

Mwezi wa Mei mwaka 1935, wenye vilabu vya ligi kuu ya mpira wa Kimarekani walipokutana kushauriana juu ya mambo yao, Bert Bell wa Philadelphia Eagles, ambaye klabu yake ilikuwa ikishindwa mwaka hata mwaka ilhali vijana mahiri waliotoka vyuo vikuu wakikimbilia kwenye fedha na sifa, aliwawekea wenzake rai ya kwamba vijana hao wagawanywe kwa zamu, klabu iliyoshika mkia ichague kwanza na bingwa achague mwisho. Rai ikakubaliwa, na mwaka 1936 uchaguzi wa kwanza ukafanyika huko huko Philadelphia, Eagles wakitangulia kwa kuwa msimu uliopita walikuwa wa mwisho. Wakamteua Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, naye hakupata kucheza hata mechi moja katika ligi ile.

Insafu ya kanuni hiyo ni dhahiri, lakini imezaa jambo ambalo kwetu sisi tuliolelewa na soka ni geni kabisa. Kwetu, kijana anapong'aa mtaani au mkoani, haukawii kuja mkono wa klabu kubwa kumchukua, Simba ikimvuta huku na Yanga ikimvuta kule, na akifika hukuta wakongwe walio tayari kumbebea udhaifu wake. Huko Marekani kijana aliye bora kuliko wenzake wote hupelekwa kwa kanuni katika timu iliyo dhaifu kuliko zote, akasimame mbele ya watazamaji elfu nyingi bila ya ngome ya kumkinga. Na mpira ule humtegemea mno mtu mmoja, mrushaji, ambaye hupokea mpira mwanzoni mwa kila shambulio na, kabla ya kuangushwa chini na majitu yanayomwendea kwa kasi, hana budi kutambua ni nani miongoni mwa wenzake aliye huru na kumfikishia mpira kwa mkono. Mwanagenzi akipewa kazi hiyo katika timu iliyoshika mkia, msimu wake wa kwanza huwa wa mashaka, na mashaka hayo yamekwisha kuandaliwa kabla hajavaa jezi.

Shahada zipo nyingi. Terry Bradshaw, aliyechaguliwa wa kwanza mwaka 1970 na Pittsburgh Steelers, alimaliza msimu wake akiwa na pasi 6 tu zilizozaa bao na 24 zilizodakwa na wapinzani. Troy Aikman, wa kwanza wa mwaka 1989, alianza mechi 11 katika Dallas Cowboys na kushindwa zote 11. Peyton Manning, wa kwanza wa mwaka 1998, aliipatia Indianapolis Colts ushindi mara 3 katika mechi 16, na pasi zake 28 zikaishia mikononi mwa adui, idadi ambayo imebaki kuwa kubwa kuliko ya mwanagenzi yeyote wa ligi ile. Wote watatu walikuja kutwaa ubingwa. Lakini aliyewatazama katika msimu ule wa kwanza hakuwa na hati ya kumhakikishia hilo.

Tarikhi ninayotaka kuisimulia ni ya watu waliouchukua msimu huo wa mashaka kutoka uwanjani wakauweka mezani, wakaujaribu kwa dadu, wakaubeba katika barua na hatimaye katika kompyuta, mpaka wakafika hatua ya kutamani wao wenyewe kuwa wanagenzi. Desturi yao isichanganywe na ile iliyoanzishwa mwaka 1962 na Bill Winkenbach wa Oakland na wenzake, ya kuchagua wachezaji wa kweli na kuhesabu alama kwa yale wanayoyafanya kila juma. Hiyo nayo imeenea mno, ila hutegemea mechi zinazochezwa kweli. Hawa wa mezani walitaka ligi yao iende yenyewe, mechi zake zichezwe upya, na matokeo yake yasijulikane na mtu hata dadu zitue.

Waliotangulia waliuiga mpira wa besiboli. Katika mji wa Lancaster, jimbo la Pennsylvania, J. Richard Seitz alianza mwaka 1951 kuuza mchezo wa kadi na dadu alioupa jina la APBA, jina alilolitoa katika ligi aliyoichezesha na rafiki zake ujanani, na mwaka 1958 akautolea mpira wa Kimarekani mchezo wake. Huko Long Island, karibu na New York, mtoto wa miaka 11 aitwaye Hal Richman alichukizwa na mchezo aliokuwa nao kwa kuwa matokeo yake hayakufanana na ukweli, akaanza kurusha dadu na kuandika kila zilivyoangukia, mpaka akazifahamu nasibu zake. Aligundua lile ambalo wanahesabu walikwisha kulijua, kwamba dadu mbili zina njia 36 za kutua, na kati ya hizo saba hupatikana kwa njia 6 na mbili kwa njia moja tu. Basi mwenye kulipanga tendo la kawaida penye saba na tendo la nadra penye mbili huweza kuandika tabia ya mtu juu ya kipande cha karatasi. Mwaka 1961 aliuleta sokoni mchezo wake wa Strat-O-Matic, na mwaka 1968 mpira wa Kimarekani nao ukapata kadi zake.

Hapa nataka kutua kidogo, maana katika kadi hizi mna heshima kwa ukweli ambayo naiona adimu. Kila mchezaji hupewa kadi yake, na kadi hiyo haikuandikwa kwa mapenzi ya mtunzi wala kwa sifa za magazeti, bali kwa hesabu ya msimu uliokwisha. Mambo mawili hufuata. La kwanza ni kwamba mwanagenzi hana kadi. Mwaka wake wa kwanza wote huwa uwanjani akiangushwa na kuinuka, ilhali mezani hayupo kabisa, na hujaaliwa kuwapo pale tu msimu unapofungwa na makosa yake yote yamekwisha kutiwa katika daftari. La pili ni kwamba, akisha kuwapo, huwapo kama alivyokuwa. Aliyemwekea tamaa Manning akamkaribisha mezani kwa kadi ya mwaka 1998 alizirithi pasi zile 28 zilizodakwa: aliweza kumpa wenzake wema, kumpangia mashambulio kwa hikima, hata kumnyamazisha kwa kuwapa wakimbiaji mpira, lakini kila alipoamuru pasi ndefu, yale makosa yalikuwa ndani ya kadi yakingoja dadu zao. Mchezo ulikataa kumhurumia mwanagenzi kwa sababu ya yale atakayoyafanya baadaye.

Ligi zilizodumu miaka mingi, zenye mameneja waliokaa na wachezaji wao msimu baada ya msimu, ziliiga pia kanuni ya Bell: kadi mpya zikitoka, meneja aliyeshika mkia huchagua kwanza miongoni mwa wale waliokuwa wanagenzi. Na hapo ndipo palipohitajika jicho. Mwaka ule ule wa Manning, mrushaji wa pili kuteuliwa alikuwa Ryan Leaf wa San Diego Chargers, naye alimaliza msimu na pasi 2 za bao na 15 zilizodakwa. Kadi zote mbili zilikuwa na aibu. Lakini mwenye kusoma kwa subira angeona kwamba pasi 28 za Manning zilikaa pamoja na pasi 26 zilizozaa bao. Yalikuwa makosa ya mtu aliyeruhusiwa kujaribu kila kitu na akajaribu kila kitu, nayo Colts mwaka uliofuata ikashinda mechi 13. Leaf hakuinuka. Nasema kwa yakini kwamba hakuna zoezi bora kuliko hili la kumfundisha mtu kutofautisha kosa la ujasiri na kosa la upungufu, na lilifanyika katika vyumba vya kulia chakula, usiku, mikononi mwa makarani na walimu na wanafunzi ambao mchana hakuna aliyewauliza rai yao juu ya mpira.

Ligi hizo hazikuhitaji watu wakae mji mmoja. Meneja aliandika maagizo yake, nani aanze, akiwa mbele afanyeje, akiwa nyuma afanyeje, akayatia katika bahasha na kuyapeleka kwa mpinzani aliyekuwa mwenyeji wa mechi. Mwenyeji akarusha dadu za pande zote mbili kwa uaminifu, kisha akarudisha hesabu. Amana iliyokuwamo katika desturi hiyo ni kubwa, kwa maana mwenyeji angeweza kudanganya na hakuna ambaye angejua. Ligi nyingi ziliweka pia sharti kwamba mchezaji asitumiwe kupita mno kiasi alichocheza kweli, ili mtu aliyeng'aa kwa mechi mbili asigeuzwe shujaa wa msimu mzima.

Miongoni mwa vijana waliopenda kadi za Richman alikuwamo Trip Hawkins, ambaye akiwa kijana alibuni mchezo wake mwenyewe wa mpira wa Kimarekani wa namna hiyo, akaukopea fedha kwa baba yake, na biashara hiyo ikafa. Huyo ndiye aliyeianzisha kampuni ya Electronic Arts mwaka 1982, na mwaka 1984 akapanda garimoshi moja na John Madden, kocha mstaafu aliyeogopa ndege, kumwomba auongoze mchezo wa kompyuta. Kompyuta za siku zile ziliweza kubeba wachezaji wachache tu kila upande, lakini Madden akashikilia kwamba pasipo wachezaji 11 kila upande huo si mpira. Basi kazi ikachukua miaka mpaka 1988. Mwaka 1982 huohuo, Mwingereza Kevin Toms, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akitunga michezo ya mbao na kushindwa na wingi wa hesabu, alianza kuuza Football Manager, mchezo wa soka ambao meneja, hata akichagua klabu yenye jina kubwa, alianzishwa daraja la nne. Sijui kama wengi waliocheza walitambua jinsi uamuzi huo ulivyokuwa wa busara: klabu yaweza kuwa na historia, lakini wewe huna.

Kompyuta iliwapokonya watu kazi ya kurusha dadu na kuandika, ikawaachia kazi ya kuamua. Mwaka 1998 Jim Gindin alitoa Front Office Football, ambamo mtu hakimbizi mchezaji yeyote kwa vidole, bali huongoza klabu, huandika mikataba na kuwapima wanagenzi kwa ripoti zisizo na uhakika. Na intaneti ilipoenea, watu wa miji na nchi mbalimbali wakaunda ligi moja, kila mmoja na klabu yake, msimamizi akikusanya maagizo yao na kuiacha kompyuta icheze juma zima la mechi kwa mara moja.

Kutoka hapo ikazaliwa, katika karne hii, namna ya mwisho, nayo ndiyo inayonigusa kuliko zote. Mtu haongozi klabu tena. Huunda mchezaji mmoja tu, humpa jina, kimo na nafasi uwanjani, hugawiwa pointi chache za kumgawanyia nguvu, mbio na uoni, kisha hungoja siku ya uchaguzi, watu wengine wanaoongoza vilabu wamwite au wamwache. Mechi huchezwa na kompyuta, na muundaji hana amri yoyote juu ya mwanawe. Huketi na wenzake kutazama namba zikipita, kama mzazi aketiye jukwaani. Na kwa kuwa pointi ni chache na wakongwe wamekusanya zao kwa misimu mingi, mrushaji mwanagenzi atadakwa pasi zake, atalazwa chini, atashindwa mechi baada ya mechi. Wapo wanaoona jambo hili ni kasoro na hudai kwamba mgeni apewe pointi zaidi ili apate raha mapema. Mimi naona wangeharibu kiini cha desturi yote. Mchezaji huyo akikaa misimu mingi atafika kilele, kisha umri utaanza kumpunguzia, na siku moja atastaafishwa. Kama alianza akiwa tayari mkubwa, kilele hicho ni cha nini, na wale waliovumilia kabla yake walivumilia nini?

Tena ligi hizi zina utaratibu ambao Seitz na Richman hawakuuwazia. Pointi mpya hazitolewi na ushindi peke yake. Huchumwa kwa kazi ya muundaji mwenyewe, na katika kazi zinazotunukiwa ni kuandika: kueleza mechi ya juma, kupima takwimu za timu, kuitunga hadithi ya maisha ya mchezaji wake. Basi mtu ambaye mrushaji wake ametoa pasi nne kwa adui katika mechi moja hukaa akaandika jinsi ilivyokuwa, ni ulinzi gani uliomdanganya, ni mwenzake yupi aliyeachwa huru bila kuonwa, na jinsi kocha alivyomwacha uwanjani ingawa matokeo yalikwisha kujulikana. Wasomaji wake ni watu wa ligi hiyohiyo, na wengi wao walipita palepale. Msimamizi huisoma makala, huipima, humwandikia pointi zake. Na muundaji, kabla ya maagizo ya juma lijalo kufungwa, huzitia zote katika uoni wa uwanja, ambao ndio uliomkosesha.