Mgeni Asiyepewa Nafasi ya Kusema: Mkutano wa Kila Wiki wa Klabu za Huduma na Lugha Yake, kutoka Nairobi hadi Dzaleka

Utangulizi

Makala haya yanachunguza desturi moja ya klabu za huduma kwa jamii, nayo ni kumwalika mgeni azungumze mbele ya wanachama katika mkutano wa kila wiki. Kwa kawaida desturi hiyo husomwa kama sehemu ya historia ya hisani. Hapa inasomwa kama historia ya lugha, kwa kuwa anayepanga nani asimame, azungumze kwa muda gani na kwa lugha gani, ndiye anayeamua ujuzi wa nani uhesabiwe kuwa ujuzi. Neno lenyewe mgeni lina utata unaotufaa. Mgeni ni mwalikwa wa heshima, na mgeni ni mtu asiye wa hapa. Katika kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, maana hizo mbili hukaa katika ukumbi mmoja, kila moja upande wake wa meza.

Chicago, Nairobi, na kanuni ya mahudhurio

Tarehe 23 Februari 1905, wakili Paul Harris alikutana na wenzake watatu mjini Chicago, katika ofisi ya mmoja wao, mhandisi wa migodi Gustavus Loehr. Walikubaliana kukutana kwa zamu katika ofisi zao, na zamu hiyo ndiyo iliyoipa Rotary jina lake. Klabu za Lions nazo zilianzishwa katika mji huohuo mwaka 1917. Rotary ilifika Johannesburg mwaka 1921 na Nairobi mwaka 1930. Mfumo uliosafiri nayo unafahamika kwa yeyote aliyewahi kuhudhuria: kengele ya mwenyekiti, chakula, matangazo ya katibu, faini za mzaha, kisha hotuba fupi ya mgeni na neno la shukrani. Mgeni halipwi. Malipo yake ni kusikilizwa, na jina lake kuandikwa katika taarifa ya wiki.

Kanuni mbili zilizokuja na mfumo huo zina uzito kwa mwanaisimu. Ya kwanza ilitaka wanachama wachaguliwe kwa kazi zao, ili kila taaluma iwe na mwakilishi wake. Katika mji wa kikoloni uliogawa kazi kwa rangi, kanuni hiyo iliweza kuwaacha nje watu wengi bila kutaja rangi hata mara moja. (Kuhusu wanawake hapakuwa na haja ya hila: walikubaliwa rasmi duniani kote mwaka 1989 tu.) Ya pili ni kanuni ya mahudhurio. Mwanachama aliyekosa mkutano wa kwao aliweza kufidia kwa kuhudhuria klabu nyingine popote alipo. Mfanyabiashara wa Nairobi aliyekuwa safarini Johannesburg au London alikaribishwa mezani, akahesabiwa kuwa amehudhuria. Kwa maoni yangu, kanuni hii ya pili ndiyo iliyokifunga Kiingereza katika mikutano ya klabu za eneo letu kuliko amri yoyote ya serikali. Ikiwa kila meza inapaswa kumpokea msafiri yeyote, basi lugha ya meza itakuwa ya msafiri, na mwenyeji wa mtaa wa pili atabaki mlangoni.

Mikutano iliyotangulia klabu

Isidhaniwe kwamba wasemaji wa Kiswahili walikosa mikutano ya namna hii hata wangoje kufundishwa. Baraza la mbele ya nyumba, pwani yote, lilikuwa na kaida zake za nani aanze, nani aulizwe habari za safari, na nani anyamaze. Vyama vya beni, vilivyochipuka katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, vilikuwa na vyeo vya kijeshi na vya kiserikali, michango, mashindano na wajibu wa kusaidiana katika misiba. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu beni, alivifuatilia hadi bara. Nyasaland, yaani Malawi ya leo, ilivipokea na kuvigeuza: ngoma za malipenga na mganda za kandokando ya ziwa zina ukoo na beni, na askari waliorudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza walikuwa miongoni mwa waliozisambaza.

Kiswahili chenyewe kilikuwa kimekwisha kufika huko kabla ya beni. Jumbe wa kwanza, Salim bin Abdallah, alijenga himaya yake Nkhotakota katikati ya karne ya 19, na biashara yake ilikuwa pembe na watumwa. Mlozi alitawala karibu na Karonga hadi aliponyongwa mwaka 1895. Mshauri wa sera anayetaka kukitetea Kiswahili nchini Malawi kwa kuanza na sifa zake za kuunganisha Afrika hana budi kuijua historia hiyo chungu. Mwaka 1968 serikali ya Kamuzu Banda iliteua Chichewa kuwa lugha ya taifa, Kiingereza kikabaki lugha rasmi, na mjadala ukafungwa kwa muda mrefu.

Nakivale na Dzaleka

Mfano unaotusaidia zaidi unatoka Uganda. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini magharibi mwa nchi hiyo, vijana waliunda klabu ya Rotaract mwaka 2016, wakiongozwa na Paul Mushaho, mkimbizi kutoka Kongo. Inatajwa kuwa huenda ndiyo ya kwanza kuanzishwa ndani ya makazi ya wakimbizi. Jambo la kuzingatia ni nani aliyeshika kengele. Mkimbizi, aliyezoea kuitwa mkutanoni ili aambiwe, sasa alipanga ratiba na kuchagua wa kumwalika. Mwaka huohuo Rotary ililegeza kanuni zake, klabu zikaruhusiwa kukutana angalau mara mbili kwa mwezi badala ya kila wiki. Kwa watu ambao siku zao hupangwa na foleni, nafuu hiyo si ndogo.

Dzaleka ina historia nzito zaidi. Kabla ya kuwa kambi mwaka 1994, palikuwa gereza ambamo serikali ya Banda iliwafunga wapinzani wake, na jina lake la Kichewa hufasiriwa kuwa ni kiapo cha mfungwa kwamba hatarudia tena. Kambi iliyokusudiwa watu wapatao 10,000 sasa ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kiswahili ndicho lugha yao ya kukutania: kwa mmoja ni watu, kwa mwingine ni batu, na wanaelewana. Tamasha la Tumaini, linalofanyika humo tangu 2014, lina jina la Kiswahili na huwavuta Wamalawi waje kusikiliza.

Hata hivyo, katika mikutano rasmi mzungumzaji aghalabu ni mtu wa shirika, naye huzungumza Kiingereza kupitia mkalimani. Hotuba ya dakika 20 ikikalimaniwa sentensi kwa sentensi hubakiwa na maudhui ya dakika 10, na kinachokatwa muda ukiisha ni maswali. Huo ndio upotevu ninaouona kuwa mkubwa. Swali ndilo mahali pekee ambapo msikilizaji angeweza kumsahihisha mgeni.

Mwaka 2023 uliliweka suala hili wazi. Kuanzia Mei, serikali ya Malawi ilitekeleza agizo la kuwarudisha Dzaleka wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini, Lilongwe ikiwemo. Julai, Rais Samia Suluhu Hassan alipozuru nchi hiyo, ikatangazwa nia ya kufundisha Kiswahili katika shule za Malawi. Matamko hayo mawili yalitolewa na serikali moja katika muda wa miezi michache, na sijaona dalili kwamba yalisomwa pamoja. Walimu wanaweza kuletwa kutoka Tanzania, na ni vyema waletwe. Lakini maelfu ya wasemaji, wakiwemo waliokuwa walimu makwao, wako umbali wa kilomita 40 na kitu kutoka mji mkuu.

Klabu za huduma haziwezi kubadili sheria ya wakimbizi, wala masharti ambayo Malawi iliyawekea Mkataba wa 1951 kuhusu kazi na mwendo wa wakimbizi. Zinaweza kubadili orodha ya wazungumzaji. Napendekeza taarifa za wiki ziandike, kando ya jina la mgeni na mada yake, lugha aliyotumia na idadi ya maswali aliyoulizwa. Baada ya miaka michache mtafiti atakuwa na ushahidi ambao hivi sasa haupatikani kirahisi. Na klabu ya Lilongwe au ya huku Likuni itakayotaka kumwalika mwalimu kutoka Dzaleka aeleze jinsi Kiswahili kinavyofundishwa kwa msemaji wa Chichewa ianze na hati ya ruhusa ya kutoka kambini, kwa maana bila hati hiyo mgeni hataweza kufika, hata ratiba ikiwa imekwisha kuchapwa.