Kwa nini Bukavu inaogopa turbo: historia ya gari dogo katika mji wa milima

BUKAVU – Asubuhi na mapema, jua likianza kutokea nyuma ya vilima vya Rwanda, taksi za kwanza huanza kupanda kutoka Nyawera kuelekea Kadutu. Ni magari madogo, mengi ya Toyota, yaliyokwisha kutumika miaka mingi Japani kabla ya kufika hapa. Ndani wamebanana watu watano au sita, na nyuma kuna gunia la makala au ndoo ya samaki. Katikati ya mlima moteri inaanza kulia. Dereva anarudisha vitesi hadi cha kwanza, na abiria wananyamaza kama wanaisaidia kwa kuiombea.

Gari hilo linachoka kwa sababu mbili. Ya kwanza inajulikana: mzigo ni mwingi na mlima ni mkali. Ya pili haionekani kwa macho: hewa ya Bukavu ni nyepesi. Mji huu uko karibu mita 1500 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho hewa imepungua uzito kwa karibu sehemu 15 kwa 100. Moteri inahitaji hewa ili kuchoma mafuta, na hewa ikipungua, nguvu nayo inapungua. Gari lililokuwa na nguvu za farasi 100 kwenye bandari ya Dar es Salaam linafika Bukavu likiwa na kama 85, hata kama halina ugonjwa wowote.

Dawa ya ugonjwa huo ilipatikana zamani, nayo ni turbo. Lakini kwenye garaji za Bukavu, mtu anayetafuta gari la bei nafuu akisikia kwamba lina turbo, mara nyingi anarudi nyuma. Ili kuelewa sababu, inafaa kurudi katika historia ya chombo hicho, na katika historia ya mji wenyewe.

Chombo kilichopelekwa mlimani

Turbo ni feni mbili zilizofungwa kwenye mhimili mmoja. Feni ya kwanza inazungushwa na moshi unaotoka kwenye moteri, moshi ambao bila hivyo ungepotea bure. Feni ya pili inavuta hewa ya nje na kuisukuma kwa nguvu ndani ya moteri. Kwa hiyo moteri ndogo inakula hewa kama moteri kubwa. Mhimili huo unaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja, na kinachouzuia kuungua ni utando mwembamba wa mafuta ya moteri.

Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, ndiye aliyeandikisha wazo hilo mwaka 1905. Miaka 13 baadaye, mwaka 1918, mhandisi wa Marekani Sanford Moss alichukua moteri ya ndege, akaipandisha kwa lori hadi kilele cha mlima Pikes Peak katika jimbo la Colorado, zaidi ya mita 4000 juu ya bahari. Alitaka kuonyesha kwamba moteri yenye turbo inaweza kuwa na nguvu kileleni kama iliyo nayo chini. Alifaulu. Kwa hiyo tangu mwanzo turbo ilijaribiwa kwa ajili ya mahali ambapo hewa ni chache.

Kuingia katika magari ya watu wa kawaida kulichukua muda. Mwaka 1962 makampuni ya Marekani yalijaribu kuiweka katika Oldsmobile Jetfire na Chevrolet Corvair, lakini haikushika sana. Mwaka 1978 Saab ya Uswidi ilianza kuuza gari la 99 Turbo, na mwaka 1979 Nissan ikaleta turbo katika magari ya Japani. Kisha Wajapani wakaishusha hadi kwenye magari madogo kabisa. Toyota Starlet Glanza V, iliyouzwa Japani kuanzia mwaka 1996 hadi 1999, ilikuwa na moteri ya lita 1.3 tu, lakini turbo iliipa nguvu za farasi 135.

Starlet ya namna hiyo ingepanda Kadutu bila kulia. Basi kwa nini taksi za Bukavu hazikuifuata? Jibu limo katika namna magari yalivyofika hapa na yale yaliyoyapata.

Kutoka Costermansville hadi leo

Mpaka mwanzo wa miaka ya 1950 mji huu uliitwa Costermansville. Magari ya wakati ule yalikuwa ya Wabeleji, ya maduka makubwa, ya mashamba ya kahawa na kwinini, na ya misioni. Mwenyeji aliliona gari kama dereva, kama fundi au kama mtembea kwa miguu aliyepigwa na vumbi. Hapo ndipo wazee wa kwanza wa ufundi walipojifunza kazi, kwa kushika ufunguo wa tajiri.

Baada ya uhuru wa mwaka 1960 gari lilianza kuwa la mwalimu, la karani na la mfanyabiashara. Volkswagen ya mgongo wa mviringo na Peugeot, ile 404 na baadaye 504, ndizo zilizopendwa. Zilikuwa na sifa moja kubwa: fundi aliweza kuifungua moteri kando ya barabara na kuifunga tena kabla ya usiku.

Sifa hiyo ilihitajika kwa sababu amani haikudumu. Mwaka 1964 waasi wa Simba walifika mpaka ndani ya mji. Mwaka 1967 mamluki wa Jean Schramme waliushika mji kuanzia Agosti hadi mwanzo wa Novemba, na raia wengi wakakimbia. Halafu tarehe 30 Novemba 1973 rais Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatapewa Wazairwa. Maduka mengi hayakupata tena mtu wa kuagiza bidhaa ng'ambo. Vipuri vikapungua, na fundi akaanza kuishi kwa kukata gari moja ili kuponyesha lingine.

Barabara nazo zikafa. Ile ya kuelekea Walikale na Kisangani ikamezwa na msitu na matope. Ile ya Uvira, inayopita kwenye miteremko ya Ngomo, ikawa ya kutisha kiasi kwamba wasafiri wengi walichagua kuvuka mpaka, kupita Rwanda kwa lami, na kuingia tena Kongo kwenye mpaka wa Kamanyola.

Mwaka 1994 maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walivuka Ruzizi, wengine kwa miguu, wengine na magari yao. Mwishoni mwa Oktoba 1996 vita vya AFDL vikaingia Bukavu. Agosti 1998 vita vya RCD vikaanza. Juni 2004 askari wa Nkunda na Mutebutsi wakauteka mji kwa siku kadhaa. Kila mara, wenye gari walijifunza somo lilelile: gari zuri linaonekana na linachukuliwa kwanza, na gari lililoharibika siku ya kukimbia linaachwa barabarani.

Mlango wa Japani

Katikati ya misukosuko hiyo, mlango mwingine ulifunguka. Japani ina sheria ya ukaguzi wa magari. Gari jipya linakaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na kadiri linavyozeeka ndivyo gharama inavyomchosha mwenyewe. Wengi wanaliuza likiwa bado zima. Magari hayo yanapakiwa melini, yanashuka Mombasa au Dar es Salaam, na kutoka hapo yanapanda bara mpaka kwenye Maziwa Makuu.

Ndivyo Carina, Corolla, Starlet, na baadaye RAV4, Noah na Vitz zilivyojaa Bukavu. Kwa mara ya kwanza mwalimu, muuguzi au mama muuza vitenge aliweza kuota gari lake mwenyewe. Lakini Wajapani wanaendesha kushoto, na Kongo inaendesha kulia. Magari yakaja na volani upande wa kuume. Dereva haoni vizuri anapotaka kulipita lori, na abiria wa mbele anashukia katikati ya barabara. Rwanda ilikataza kuingiza magari ya namna hiyo mwaka 2005. Kinshasa nayo imetoa makatazo yake. Bukavu iliendelea kuyaendesha, kwa sababu ndiyo iliyoyaweza kwa bei.

Katika meli hizohizo zilifika pia gari ndogo za turbo. Wakati mwingine mnunuzi hakujua mpaka fundi alipofungua boneti. Zilikuwa na bei nzuri, na zilipanda mlima kwa raha. Taabu ilianza baadaye.

Taabu ya kwanza ni mafuta ya moteri. Turbo haivumilii mafuta machafu wala vidanje inayocheleweshwa. Mhimili unaozunguka mara 100,000 kwa dakika ukikosa mafuta safi kwa muda mfupi, unakwaruzika. Katika mji ambapo mtu anaongeza kikombe kimoja cha mafuta leo na kingine Jumatatu, kufuatana na mapato, hiyo ni hukumu.

Taabu ya pili ni esanse. Moteri ya turbo inataka esanse nzuri, kwa sababu hewa iliyosukumwa ndani ina joto na mgandamizo mkubwa. Esanse mbovu inawaka kabla ya wakati wake na kupiga pistoni kama nyundo. Anayejaza kwa kadhafi, kwenye chupa au bidoni kando ya barabara, hajui imetoka pipa gani wala imechanganywa na nini.

Taabu ya tatu ni vumbi. Wakati wa kiangazi, kuanzia Juni, barabara za udongo hutoa vumbi jekundu linaloingia kila mahali. Filtri ya hewa ikipasuka, chembe za mchanga zinapiga mabawa ya feni yanayozunguka kwa kasi hiyo yote.

Taabu ya nne ni fundi mwenyewe. Si kwamba hana akili, maana mafundi wa Kadutu wamefufua magari ambayo viwanda viliyasahau. Ila turbo iliyokufa haigongwi kwa nyundo ikapona. Inataka kipuri chake, na kipuri kinatoka mbali.

Hata wenye pesa walifikiri hivyo. Jeep nyeupe za mashirika ya misaada, zile Land Cruiser ndefu ambazo familia zilizohama zinazijua sana, kwa miaka mingi zilikuja na moteri ya mazutu iitwayo 1HZ, ya lita 4.2, isiyo na turbo. Toyota ilikuwa tayari na moteri nyingine yenye turbo na nguvu zaidi. Mashirika yaliendelea kuchagua ile nzito na ya polepole, kwa sababu inakubali mazutu ya kila namna na inatengenezeka popote.

Hesabu ya familia

Februari 2025, wapiganaji wa M23 walipouchukua uwanja wa ndege wa Kavumu na kisha kuingia Bukavu, makumi ya maelfu ya watu wa Kivu ya Kusini walikimbilia Burundi. Wengi walishuka bonde la Ruzizi kwa miguu, kwa pikipiki, au juu ya mizigo ya malori. Benki zilifungwa. Aliyekuwa na gari alijikuta na hesabu mpya: aliuze kwa hasara, aliache kwa ndugu, au alifanye taksi ili watoto wale. Kwa familia nyingi gari lililobaki ndilo akiba pekee isiyolala benki.

Kwa sababu hiyo, swali la turbo limekuwa zito kuliko ladha ya dereva. Anayetaka kununua gari la bei nafuu leo afanye hesabu yote, asiishie kwenye bei ya kwanza. Kama lina turbo na bado analitaka, mafundi wanashauri mambo machache. Liwashwe likiwa baridi, na mtu asimame nyuma: moshi wa rangi ya bluu maana yake ni kwamba mafuta ya moteri yanaungua. Bomba la hewa lifunguliwe na mhimili wa feni utikiswe kwa kidole. Ukicheza sana, au feni ikiwa imekwaruza nyumba yake, ni afadhali kuliacha. Baada ya kulinunua, vidanje ifanywe mapema kuliko kwa gari la kawaida, filtri isicheleweshwe, na baada ya kupanda mlima moteri iachwe inguruma dakika moja au mbili kabla ya kuzimwa, ili mafuta yapoze mhimili ulio moto.

Asiyeweza kutunza masharti hayo, na siku hizi wengi hawawezi, asione haya kununua Corolla ya kawaida inayolia mlimani. Ina nguvu pungufu, lakini ikisimama Nyamugo au Panzi, kijana mwenye funguo tatu na kipande cha waya anaweza kuiamsha. Wanaosubiri Burundi au kwenye familia za wenyeji, wakihesabu siku ya kurudi, wanajua thamani ya gari ambalo litawaka hata baada ya kukaa miezi chini ya mwembe.

Mlima wa Kadutu haujapungua, na hewa ya Bukavu haitakuwa nzito zaidi. Siku barabara zitakapotengenezwa, esanse ikapimwa, benki zikafunguliwa na vipuri vikapita mpakani bila woga, turbo itapata kazi yake katika mji huu. Mpaka siku hiyo, taksi ya asubuhi itaendelea kupanda polepole kwa vitesi cha kwanza, na abiria wake watafika sokoni.