Utumbo Unaosikia Kupita Kiasi

"Tumbo inaniuma, papa. Nipe ya amibe." Ombi kama hili si geni kwa muuza dawa wa Makomeno, mjini Lubumbashi. Metronidazole inatolewa, pengine pamoja na vidonge vya kulegeza misuli. Mwenye amiba kweli hupona. Mwingine hurudi mwezi unaofuata na tumbo lilelile: gesi tele, leo choo kimefunga, kesho anaharisha, na maabara haioni mdudu wala kidonda.

Mgonjwa huyu wa pili amewasumbua waganga tangu kabla mji huu haujaanzishwa mwaka 1910. Mwaka 1892, katika kitabu chake cha tiba, William Osler alieleza utumbo unaotoa ute na kuuma, akaona wenye shida hiyo wengi ni watu wa wasiwasi. Mwaka 1944, Peters na Bargen wa Marekani waliupa ugonjwa jina linalodumu hadi leo: utumbo wenye kukereketwa. Wakati huo fikra ilikuwa moja, kwamba misuli ya utumbo imekaza, basi ilegezwe. Katika miaka ya 1960 ikaja mebeverine. Mwaka 1969 maabara ya Paul Janssen, Ubelgiji, ikagundua loperamide, ambayo hufunga kuhara vizuri lakini maumivu huyaacha palepale.

Kutoka Uganda likaja wazo jingine. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi huko kuanzia 1946 hadi 1966, aliona Waafrika wa vijijini wanakula vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi na hawaugui sana maradhi ya utumbo yaliyojaa Ulaya. Pumba za ngano zikawa dawa. Lakini mwaka 1994 madaktari wa Manchester waliwauliza wagonjwa 100 zimewafaa vipi: 55 walisema zimewazidishia, 10 tu ndio walipata nafuu.

Tatizo lilikuwa wapi, basi? Jibu lilikuwa limeshaanza kuonekana mwaka 1973. Ritchie, daktari wa Uingereza, aliingiza puto dogo katika utumbo mpana wa wagonjwa na wa watu wenye afya, akalijaza hewa kidogo kidogo. Lilipofika mililita 60, zaidi ya nusu ya wagonjwa walilalamika maumivu. Kwa wenye afya walikuwa 6 tu katika kila 100. Ukuta wa utumbo wao haukuwa umekaza kuliko wa wengine. Kilichotofautiana ni neva: hewa ileile ambayo mmoja haitambui, kwa mwenzake ni kisu.

Tangu hapo dawa zikaanza kuwindwa upande wa neva. Zaidi ya asilimia 90 ya serotonini ya mwili, kemikali inayobeba habari za neva, iko tumboni, na alosetron, inayoziba mlango mmoja wa kemikali hiyo, ilipitishwa Marekani Februari 2000. Kufikia Novemba iliondolewa sokoni, kwa kuwa baadhi ya waliotumia walikosa damu ya kutosha kwenye utumbo na wengine walifunga choo vibaya. Ilirudi 2002 kwa masharti makali, kwa wanawake wenye hali mbaya tu.

Iliyodumu ni ya zamani na ya bei rahisi. Amitriptyline, dawa ya huzuni nzito tangu 1961, hutuliza habari za maumivu zinazosafiri kati ya utumbo na ubongo. Mwaka 2023 jaribio la Uingereza lenye wagonjwa 463 lilionyesha kuwa miligramu 10 hadi 30 kila usiku zilikaribia kuzidisha mara mbili uwezekano wa kupata nafuu baada ya miezi 6.

Hapa Makomeno, mama aliyepewa dawa hii, akisoma kwenye karatasi ya pakiti kwamba ni ya huzuni, anaweza kufoka: "Mimi si kichaa!" Na kweli si kichaa. Kwa huzuni dozi hufika miligramu 75 na zaidi. Ya kwake ni ya neva za tumbo. Daktari akishahakikisha hakuna damu kwenye choo, mwili haupungui na amiba hayupo, ampe pia maelezo hayo. Kwa zaidi ya miaka mia wagonjwa kama yeye wameambiwa wana wasiwasi, na maumivu yao yalikuwa ya kweli.