Msala wa ukindu
Kabla mazulia ya kiwandani hayajajaa madukani, Waislamu wengi wa pwani walisalia msala wa ukindu. Kuusuka ni kazi ya wanawake. Makuti machanga ya mkindu huanikwa juani, huchanwa membamba, mengine huchemshwa na rangi. Zamani nyeusi ilitokana na mizizi ya mdaa. Kisha husukwa ukili mrefu, ukashonwa kingo kwa kingo. Sogea uutafute mshono: umezama ndani ya msuko.

Kwingineko, wafugaji wahamaji wa Anatolia, Uturuki, walifuma misala yao kwa sufu ya kondoo. Juu walichora mihrabu, na ncha yake huelekezwa Makka. Utaona pia birika la udhu, au taa inayoning'inia kumaanisha nuru ya Mungu.

Msala wa ukindu hauna mihrabu. Mingi ina umbo la yai, na urembo wake wote ni rangi na msuko. Kwa macho yetu, unatosha. Anayesali ndiye anayeijua kibla: Mturuki huelekea kusini, na huku kwetu pwani ni kaskazini.